Ngamia Wangu wa Viza

Jumatatu, tarehe 8 Septemba 2025

Siku kubwa. Baada ya sala ya adhuhuri, Mama Roda, mwenye kampuni, alituita sote ghalani, wachambuaji kwa makarani. Kampuni ya manukato iliyoko Ufaransa, inayonunua uvumba na manemane yetu, inataka kuazima mtumishi wetu mmoja kwa miezi sita. Neno lenyewe ndilo hilo: kuazima. Mtu anabaki mtumishi wa Garissa, anafanya kazi Ufaransa, kisha anarudishwa, kama sufuria ya harusi. Hupewa viza ya kazi ya muda, na viza hiyo haimruhusu kufanya kazi kwingine.

Kisha akatoa kichupa kilichoachwa na mgeni wao. Hakizidi kidole gumba. Akafungua kifuniko.

Nimeshika kalamu katika ghala hili tangu lilipofunguliwa. Nimeandika vibandiko vya magunia ya Elwak na Takaba mpaka kidole kimeota sugu, wala sikuwahi kujiuliza utomvu ule huenda kuwa nini. Leo nimenusa. Mlima mzima wa Elwak, siku ya pili baada ya mvua, ndani ya kichupa. Wanawake wa kuchambua, ambao hawanyamazi hata mazishini, walinyamaza.

Nimeamua. Atakayeazimwa ni mimi. Ninataka kuiona nyumba ambamo mlima hutiwa chupani. Mimi ndiye karani mkuu, nina suti, na Kiswahili changu hakina doa, ingawa sina hakika Wafaransa watalitambua hilo.

Kikwazo ni kimoja. Sadiyo, msimamizi wa wachambuaji. Mwanamke mwenye sauti ya kuita ngamia waliovuka mto. Alisema mbele ya watu kwamba Wafaransa wanatafuta pua, hawatafuti kalamu.

Jumanne, tarehe 9 Septemba

Hila ya kwanza: kumtisha Sadiyo. Nilimwambia, kwa uzito unaomfaa mtu wa umri wangu, kwamba huko baridi hupasua midomo na watu hula konokono. Akauliza kama humla pamoja na nyumba yake au humtoa kwanza. Nikasema sijui. Akasema basi mtu asiyejua asipelekwe, atatuaibisha mezani. Kufikia saa ya chai, wanawake walikuwa wakibishana iwapo konokono anafaa kwa wali au kwa anjera, na Sadiyo alikuwa amekwenda kumuuliza Mama Roda habari za koti zito.

Hila imekufa.

Alasiri Mama Roda alituita sisi wawili. Amesema atapeleka majina yote mawili kwenye ofisi ya viza, kwa sababu hajawahi kupakia mzigo wote juu ya ngamia mmoja. Lakini atakayekwenda atamchagua yeye mwenyewe, na sharti lake ni moja: awe mtu atakayerudi. Alitukumbusha habari za Abshir, ambaye alitumwa kwenye maonyesho ya biashara ng'ambo. Sasa Abshir anauza simu katika mji ambao hataki kuutaja, na hutuamkia siku za Idi.

“Mimi ninaazima, walalo, ndugu zangu,” alisema. “Sitoi sadaka. Kila mmoja anionyeshe kitu kitakachomvuta nyumbani. Watu wa viza nao watauliza hilo hilo.”

Sadiyo alitaja watoto wake, mama yake mzee, na duka lake la mitandio. Mimi nilifungua kinywa. Nyumba tunayokaa ni ya mke wangu, Nafiso; aliachiwa na baba yake. Watoto wetu wana maisha yao Nairobi na Mombasa. Nikafunga kinywa.

“Mzee hana hata mbuzi wa kumlilia,” Sadiyo alisema. “Atarudi kwa nani? Kwa meza?”

Meza yangu ni ya mvule na imenishika vizuri miaka yote. Lakini niliona si wakati wa kuitetea.

Alhamisi, tarehe 11 Septemba

Mwenyezi Mungu hufungua mlango pale mja anapodhani ni ukuta. Binamu yangu Yonis, mtoto wa ami yangu, amefika mtoni na kundi lake la ngamia. Upande wa Wajir visima vimezidiwa na ardhi imekuwa kama sahani. Amekuja kwetu, mtaa wa Waberi, kunywa chai, ananuka moshi na maziwa, akaketi ukingoni mwa kiti kama mtu asiyekiamini.

Nikamwomba aniazime ngamia.

Hilo si jambo geni kwetu. Aliyeishiwa maziwa huazimwa ngamia mwenye ndama. Anayehama huazimwa ngamia wa mizigo. Yonis akauliza ninamtaka yupi. Nikasema wote. Akauliza nitawapeleka wapi. Nikasema popote pale. Nitasimama mbele yao tu, asubuhi moja, nipigwe picha.

Hajawahi kusikia ngamia wakiazimwa ili watazamwe.

“Bicha tu, walalo?” aliuliza.

Nikasema picha tu.

“Na hawatachoka?”

Nikasema picha haimchoshi mnyama. Akakubali, kwa sharti kwamba nisiwashtue kwa suti. Nafiso, aliyekuwa akimimina chai, alisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Nilimjibu kwamba ngamia si nguo. Akasema ndiyo maana anaogopa zaidi.

Ijumaa, tarehe 12 Septemba

Tulikwenda mtoni baada ya sala ya alfajiri, mimi na Nafiso, yeye akiwa na simu. Nilivaa suti. Masharti ya Yonis nimeyaona ni ushauri.

Lazima niandike ukweli hapa, kwa kuwa hakuna atakayesoma. Mimi ni mtoto wa bweni. Nilikulia shuleni, nikatoka shuleni nikaingia ofisini. Ngamia niliwaona barabarani, kupitia kioo cha gari. Sikuwa nimewahi kusimama chini, katika njia yao, wakati kundi zima linashuka kunywa maji.

Kwanza ilikuja sauti ya kengele za mbao. Kisha vumbi, jekundu kwa jua changa. Kisha shingo, shingo nyingi, zinatokea juu ya vumbi bila miili, kama watu warefu wanaotembea ndani ya mawingu. Hawakukimbia. Hawakunitazama. Walinipita huku na huku kama mto unavyopita jiwe, na nilisikia pumzi zao juu ya kofia yangu. Walipofika majini waliinamisha vichwa pamoja, na sauti ya kunywa kwao ilikuwa sauti ya jambo kubwa linalotimia. Suti yangu ilikuwa nyekundu yote.

“Sasa simama kama mwenye mali,” Nafiso alisema. “Hapo umesimama kama mtu anayengoja hukumu.”

Yonis akanipa kamba ya ngamia kiongozi, mkubwa, mweupe, mwenye kope za bibi harusi. Nilivuta kamba. Akaketi. Nilivuta tena. Akalala ubavu. Picha iliyofaa ilipatikana pale Yonis alipochuchumaa nyuma ya nundu na kumnong'oneza, na ngamia akainuka na kunitazama kwa heshima ambayo haikuwa yangu.

Shavuni mwao wote mna alama ya chuma cha moto: mstari, na kijimwezi juu yake. Niliuliza ni ya nani.

Yonis alinitazama kama nimeuliza jina la mama yangu. “Si ya babu yetu Adow?”

Nikasema naam, nilikuwa ninampima tu.

Jumapili, tarehe 14 Septemba

Picha imefanya maajabu. Nilimpelekea Mama Roda ikiwa na maneno haya: “Mali yangu. Hawa ndio watakaonirudisha.” Kisha nikaituma kwenye kundi la ofisi, nikaiweka pia mahali ambapo kila mwenye namba yangu huiona, ili asiwepo mtu wa kusema imefichwa.

Leo nimetembea mtaani Waberi nikiwa mtu mwingine. Watu wawili ambao hawajanisalimu tangu Ramadhani wamenisalimu kwa mikono miwili. Maalim wa madrasa ameuliza kama ninaweza kuwatolea wanafunzi ngamia wa maziwa. Nikasema nitaliangalia jambo hilo. Ni sentensi ya wenye mali, nimeipenda.

Mama Roda alinipigia simu, sauti yake ikiwa na adabu mpya. Alisema hakujua. Alisema mtu mwenye kundi kama lile harudi tu, bali hurudi kabla ya wakati. Mimi ndiye nitakayekwenda. Sadiyo ataomba viza pia, akae kama gurudumu la akiba.

Gurudumu lenyewe lilikuja mezani kwangu likaitazama picha kwa muda mrefu, likiisogeza huku na huku.

“Huyu mbele anaitwa nani, mzee?”

Nilikuwa nimesahau kwamba ngamia wana majina. Nikataja jina la kwanza lililonijia: Nimco.

“Mama mkwe wa Mama Roda anaitwa Nimco,” alisema, akaenda zake polepole, kama mtu aliyebeba yai.

Alhamisi, tarehe 18 Septemba

Nairobi. Ofisi ya viza.

Nimepata kuingia katika majengo ya serikali mengi, lakini sijaona kimya kama kile. Watu kutoka kila pembe ya nchi, kila mmoja amekumbatia bahasha yake kama mtoto mgonjwa, na hakuna anayesukuma. Sakafu inang'aa hata nikaona soli za viatu vyangu kabla sijazikanyagia. Kuna kioo kidogo cha kijani ambacho mtu huwekea vidole, nacho husoma mistari yake. Nilifikiri: mistari hii nimezaliwa nayo, imeshika kalamu, imekula, imezika wazee wangu, na haijawahi kuulizwa lolote mpaka leo. Nikaona haya kwamba sikuinawisha vizuri zaidi.

Sadiyo alikuwa dirishani kabla yangu. Bibi wa dirishani alimuuliza ni nini kitakachomrudisha Kenya baada ya miezi sita. Sadiyo alinyoosha kidole nyuma, kunielekea mimi.

“Nisiporudi, uvumba utachambuliwa na nani? Na huyu?”

Yule bibi alinitazama, akaandika kitu. Sadiyo alikuwa amemaliza.

Mimi nilijitayarisha zaidi. Nilionyesha picha. Yule bibi aliileta karibu na macho, na kwa mara ya kwanza uso wake ulikuwa uso wa mtu.

“Wote hawa ni wako?”

Nikasema ni mali yangu na ya baba zangu. Akauliza nani atawatunza nikiwa sipo. Nikasema binamu yangu, chini ya uangalizi wangu. Akauliza kama wataona upweke, yaani, kama watanikumbuka. Sijawahi kusikia serikali yoyote ikiuliza swali la namna hiyo. Nilisema yule mweupe, Nimco, hatakula.

Nilitoka nje nikasimama kandokando ya barabara. Nimesema uongo mzuri kuliko kweli zote nilizowahi kusema.

Jumamosi, tarehe 20 Septemba

Nimerudi jana, na kabla sijavua viatu mlango ukabishwa. Alikuwa Mzee Bonaya, mkulima wa kando ya mto, Mmunyoyaya kwa kabila, mtu mpole anayetuuzia ndizi na matikiti. Alikuwa na simu ya mkwewe mkononi. Alinipa mkono, akaniuliza habari za safari, za Nairobi, za nyumbani, za afya. Akakubali chai. Akaisifu. Kisha akageuza simu na kunionyesha mimi mwenyewe, katika suti, mbele ya ngamia.

“Hii ngamia yako, mzee?”

Wakati mwingine ningemsahihisha Kiswahili chake. Lakini fahari ilinitangulia. Nikasema naam.

“Alhamdulillahi,” alisema. “Nilikuwa naogopa haina mwenyewe. Imekula migomba yangu.”

Ilikuwa Alhamisi, saa zile zile nilipokuwa dirishani. Kundi lilisikia harufu ya shamba, likapita juu ya uzio wa miiba kama haupo, likala migomba yote, mipapai, hata mmea wa pilipili. Yonis aliposikia kwamba Takaba limeonekana wingu, aliliswaga kundi lake akaondoka. Simu yake haipatikani. Aliyebaki Garissa, anayejulikana na mji mzima kuwa mwenye ngamia wale, ni mmoja.

Nafiso alimwongezea chai.

Jumatatu, tarehe 22 Septemba

Kikao cha wazee, barazani pa duka la nafaka. Wasomali upande huu, Wamunyoyaya upande ule, na Mzee Salah katikati, ndevu zimetiwa hina. Mama Roda alikuja kwa kuwa mimi ni mtumishi wake. Sadiyo alikuja kwa kuwa hakutaka kukosa.

Mpango wangu ulikuwa safi. Nilisimama na kusema, kwa ufasaha, kwamba ngamia wale si wangu. Niliwaazima kwa ajili ya picha, na picha ilikuwa kwa ajili ya viza.

Niliona uso wa Mama Roda, nikatambua kwamba nilipaswa kumpangia yeye pia.

“Tufahamishe, karani,” Mzee Salah alisema. “Uliwadanganya Wafaransa, au unatudanganya sisi?”

Nikasema sikumdanganya mtu, ila nilisema maneno kwa kila mmoja kulingana na haja yake. Mzee mmoja alikohoa. Sadiyo alijifunika uso kwa mtandio, na mabega yake yalikuwa yakitikisika.

Mzee Salah akaomba simu. Aliikuza picha kwa vidole viwili, hodari kuliko mimi, mpaka shavu la ngamia likajaa kioo.

“Alama hii ya nani?”

Nikasema ya babu yangu Adow.

“Na wewe ni mjukuu wa nani?”

Hakungoja jibu. Alianza kusema polepole, macho yameelekea mahali ambapo hapakuwa na mtu. Alisema alimjua baba yangu. Alisema baba yangu alipochukuliwa kufanya kazi ya ukarani katika halmashauri, aliwaacha ngamia wake majike kwa ndugu yake, baba wa Yonis, wala hawakugawanywa hata wote wawili walipokufa. Alitaja majina ya majike wale. Akataja mabinti zao, na mabinti wa mabinti zao, na ukame waliookoka, na kisima walichozalia, mpaka akafika kwa jike mweupe mwenye kope ndefu, ambaye jina lake ni Daruro.

Hakukuwa na kitabu mkononi mwake. Nilihisi nywele zimenisimama. Muda wote ule nimekaa nyuma ya meza ya mvule nikidhani sina kitu, na mali ya baba yangu inatembea porini, inazaa, inakumbukwa kwa majina na mtu ambaye sikuwahi hata kumkaribisha chai.

“Kwa hiyo Wafaransa uliwaambia kweli,” Mzee Salah alisema. “Sasa unakimbia nini? Maziwa ni ya anayemkama. Kosa ni la wenye alama, na mwenye alama aliye karibu ndiye anayesimama.”

Hukumu: Yonis akirudi ataleta jike mchanga ampe Bonaya. Mimi nitajenga uzio upya, nimwagilie migomba inayochipua, na nilinde shamba kila siku baada ya kazi, mpaka mkungu wa kwanza ukatwe.

Nikasema kwa unyenyekevu kwamba hilo haliwezekani, kwa kuwa karibuni nitaazimwa Ufaransa.

Wazee walitazamana. Mzee Salah alinihurumia, niliona.

“Adeer,” alisema, kama ami anavyomwita mtoto wa ndugu yake, ingawa mimi si mtoto, “kitu kilichowekwa rehani hakiazimwi.”

Wote wakamgeukia Mama Roda. Alivuta mtandio wake, akafikiri kama mfanyabiashara anavyofikiri.

“Hakiazimwi,” alisema.

Jumatano, tarehe 1 Oktoba

Pasipoti zimerudi. Viza zimetoka, yangu na ya Sadiyo.

Mama Roda alinipa yangu niitazame. Inajaza ukurasa mzima. Ukiiinamisha, inameta rangi ambazo sijui majina yake. Picha yangu imo ndani, imetiwa kama kivuli kwenye maji, na jina langu, na la baba yangu, na la babu yangu, na jina la kampuni ya manukato, na siku ya kuanza na siku ya kwisha. Nchi ya mbali imeketi, ikaniandika, ikasema: aje, tunajua atarudi. Tena wamekubali kwa sababu ya vifungo vyangu vya nyumbani, na vifungo hivyo hivyo ndivyo vinavyonizuia kwenda. Sijui kama nimewahi kuheshimiwa hivi na jambo lisilonifaa.

“Itazame vizuri,” Mama Roda alisema. “Kisha uende shambani. Sadiyo anaondoka wiki ijayo.”

Wanawake wa ghalani walikuwa wakimvisha Sadiyo koti zito, katika joto hili. Alikuwa amesimama kama mti uliofunikwa blanketi. Aliniita.

“Mzee, Nimco anakula lakini?”

Ijumaa, tarehe 3 Oktoba

Nimefikiri sana, na nimeona pengo katika hukumu. Wazee walisema haniazimi mtu. Hawakusema siendi mwenyewe. Viza iko, na leo Mama Roda alinikabidhi bahasha ya safari ya Sadiyo niipange, akaniacha na pasipoti zote mbili. Nikifika Nairobi kwanza na kumpigia Mfaransa simu nikiwa uwanja wa ndege, atanikataa kwa moyo gani?

Nilivaa suti iliyosuguliwa. Nilimwambia Nafiso ninakwenda kwa daktari wa meno. Alinifungia ndizi za njiani. Sikuelewa mpaka baadaye kwamba huo ulikuwa mzaha.

Kituo cha basi. Mkatisha tiketi aliuliza kama migomba imeshika. Muuza chai aliuliza kama uzio ni wa miiba au wa waya. Abiria aliyeketi nami, mtu nisiyemjua kabisa, aliniambia ngamia hupenda majani ya mgomba kuliko mama zao. Nilitazama dirishani.

Kwenye kizuizi cha daraja, polisi aliingia kukagua vitambulisho. Alitazama changu, akanitazama, akachekelea.

“Wewe ndiye mzee wa ngamia. Bonaya ametupigia simu. Anasema ukivuka tukukumbushe: umeacha pampu inawaka.”

Ni kweli, nilikuwa nimeiacha asubuhi. Nikateremka. Nilirudi kwa miguu na begi, na nikaikuta nusu ya shamba iko chini ya maji, na Bonaya amesimama katika matope mpaka magotini, anafurahi.

“Maji mengi ni heri,” alisema, akanikatia tikiti. Pasipoti nimezirudisha ofisini. Hakuna aliyeniuliza.

Jumatano, tarehe 29 Oktoba

Mvua. Ilianza juzi upande wa Wajir, na leo imefika mtoni. Nilikuwa shambani ilipopiga. Bonaya hakuingia kibandani. Alivua kofia akasimama. Nami nikasimama. Migomba ilikuwa imejikunjua, majani mapya, ya kijani ambayo hayajaguswa na vumbi, na kila jani lilikuwa likipokea maji na kuyamwaga kwa jingine, shamba zima likipitishiana. Ilinukia kama kile kichupa.

Jioni ulikuja ujumbe wa sauti kutoka kwa Sadiyo. Ile sauti ya kuvusha mto ilikuwa ndogo.

“Mzee, nimo ndani ya nyumba yao. Kuna mapipa ya shaba, marefu, yananung'unika kama watu wanaosali. Siwezi kukueleza. Na ukutani wametundika vibandiko vya magunia yetu, vile vya zamani. Ni mwandiko wako. Wameutia kwenye fremu. Wanasema ni mzuri. Nikawaambia ninamjua.”

Nimeusikiliza tena na tena. Mwandiko wangu ulifika kabla yangu, bila viza.

Lakini si hilo nililotaka kuandika.

Leo asubuhi Mama Roda ametangaza kwamba kampuni moja ya ubani iliyoko Omani inataka kuazima mtumishi kwa miezi mitatu, mwakani. Mkungu wa kwanza utakuwa umekatwa. Sharti ni lile lile: aonyeshe kitu kitakachomrudisha. Amesema hataki kuona ngamia.

Sihitaji ngamia. Nimemwita Nafiso aje shambani na simu, nikavaa suti, nikasimama mbele ya migomba, mkono mmoja juu ya jani. Maneno nimeshayaandika: “Shamba langu.” Nafiso alisema kuna mtu ndani ya picha. Ni kweli, Bonaya alikuwa nyuma yangu, anapalilia.

Nilimwomba kwa adabu asogee kando. Hakuuliza kwa nini. Alikuwa mwepesi mno kukubali. Alisema hakika, kuanzia leo shamba ni langu mimi, mbele ya Nafiso kama shahidi, na je, ninajua kwamba kesi ya mpaka na jirani wa chini itasikilizwa wiki ijayo, na kwamba mwenye shamba anatakiwa afike?

Nilimwambia asogee kidogo zaidi. Jembe lake lilikuwa bado linaonekana.